Jinsi ya kufuma kofia ya kichanga, ukianzia kibarazani kwenye duka la nyuzi Mtwara

Mtu akisikia nafuma hapa Mtwara swali la kwanza ni lile lile, joto lote hili sweta unamvalisha nani? Sweta sifumi. Nafuma kofia za watoto wachanga, hasa wale waliozaliwa kabla ya siku zao, na hao baridi wanaisikia hata Januari sisi wengine tukijipepea na kipande cha boksi. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na gramu 1,600. Nesi akaniambia fungua blauzi, mtoto akalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, tukafungwa pamoja na kitenge, halafu akauliza kofia yake iko wapi. Sikuwa nayo. Nilikuwa na kanga, beseni, nepi, nguo mpaka za miezi sita, ila kofia niliyonunua ilimfika mdomoni. Mama wa kitanda cha pili akatoa ya kwake moja, ya njano, shangazi yake alikuwa amemfumia mbili. Ile kofia ninayo mpaka leo.

Njia yenyewe wanaiita kangaruu, ilianzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, akaamua mama ndo awe mashine. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2022 linataka mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5 akae kifuani hivyo masaa 8 mpaka 24 kwa siku, na aanzishiwe mapema. Pale kifuani mwili wote umefunikwa na mama, kinachobaki nje ni kichwa, na kichwa cha kichanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake kwahiyo joto linapotelea hapo. Ndo maana nesi anauliza kofia kabla hajauliza kitu kingine.

Sasa kufuma kwenyewe. Nilianza peke yangu nyumbani na video za kwenye simu, miezi mitatu nafuma nafumua, mpaka nilipoenda kukaa kibarazani kwenye duka la nyuzi huku nyuma ya soko kuu, na kosa nililohangaika nalo miezi mitatu bibi mmoja akaliona ndani ya dakika tano. Kwahiyo mwongozo huu nauandika nikijua utauelewa zaidi ukiwa umekaa na watu. Kama uko Lindi mjini, Masasi, Newala, kokote, tafuta kwanza duka linalouza nyuzi, hata kama ni fremu moja yenye vifungo na zipu na lastiki na rafu mbili tu za nyuzi za kufumia, maana wanaonunua pale ndo walimu wako.

Ukiingia usianze na bei gani. Salimia, shikamoo kwa aliye mkubwa, habari za kazi kwa rika lako, halafu sema moja kwa moja unachotaka kufuma na kwamba ni mara yako ya kwanza. Wauza nyuzi wanaona watu wengi wanaobeba donge la kwanza wanalolipenda rangi halafu hawarudi tena. Ukisema kofia ya kichanga atakuonyesha uzi tofauti kabisa na wa vitambaa vya makochi. Na omba kuushika, uweke shavuni au chini ya kidevu, ukiwasha wewe utamuwasha na mtoto.

Uzi wa pamba ndo wa kwetu huku pwani kwa kitu cha mtoto mkubwa na mtu mzima, unanyonya jasho, unafuliwa hata kwa maji ya moto. Ila kwa kichanga wa wodini wengi tunatumia akriliki laini kwasababu inavutika, ni nyepesi na inakauka haraka, pamba ikilowa inakuwa nzito na inachelewa kukauka hasa masika. Sufu yenyewe ya kondoo huku sikushauri, ni ghali, nondo wanaipenda, na nyingi inawasha. Ubaya wa akriliki ni pasi. Ukiweka pasi ya mkaa juu ya kofia ya akriliki imeisha hapo hapo, inayeyuka au inalegea kama tambara na hairudi, nimeona kazi ya wiki nzima ikiharibika kwa sekunde mbili, mtu alitaka tu ipendeze kabla ya kuipeleka.

Tatizo la maduka yetu ni kwamba madonge mengi yameshavuliwa karatasi, au karatasi inasema pamba ndani sio pamba. Hapo kuna jaribio la kiberiti ambalo fundi yeyote wa zamani analijua. Kata kipande cha uzi urefu wa kidole, kishike na koleo au kibanio, toka nje, washa. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi na majivu yake ni laini ukiyasugua yanapotea. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unajizima wenyewe. Akriliki inayeyuka, inanuka plastiki na inaacha kinundu cheusi kigumu, na usikiguse kikiwa cha moto kinaganda kwenye ngozi. Mwenye duka usimwonee haya, mwombe kipande, wa kwetu ana mabaki kwenye kopo kwa kazi hiyo hiyo.

Kama karatasi ipo isome. Angalia kile kialama cha uzi uliokunjwa chenye namba, zinaanzia 0 mpaka 7, namba ndogo uzi mwembamba namba kubwa uzi mnene, sisi tunataka 3. Pembeni kuna kisanduku chenye sindano mbili, kitakuandikia kitu kama 4 mm na vitanzi 22 kwa sentimita 10. Karatasi haipo, zungusha uzi kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko ikae karibu karibu bila kupandana, ukipata kati ya 11 na 14 ndani ya sentimita 2 na nusu uzi wako ndo huo. Donge la gramu 50 linatosha kofia moja na mara nyingi linabaki la kuanzia ya pili.

Na nunua uzi wa kazi nzima siku moja, hili nalisisitiza kuliko yote. Rangi inapikwa kwa mafungu, kila fungu na namba yake kwenye karatasi, na nyeupe ya fungu hili sio nyeupe ya fungu lile, dukani hutaona tofauti ila juani inaonekana kama kiraka. Nyuzi zetu karibu zote zinatoka Kariakoo na kupandishwa basi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zile na barabara ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, rafu zilikaa wazi, mimi nilikuwa na kiblanketi kimefika nusu na uzi wa rangi ya krimu umeisha, na krimu iliyokuja baadaye ilikuwa imeelekea njano. Niliokoa kwa kuchanganya mistari, safu mbili ya zamani safu mbili mpya mpaka mwisho, ikaonekana nimekusudia. Sio mbaya kama mbinu lakini ningenunua madonge mawili zaidi tangu mwanzo ningelala usingizi.

Sindano. Wengi kwetu walijifunzia kwenye spoku za baiskeli, na spoku ni nzuri kweli haipindi, ila unene wake ni kama milimita 2 tu, ni ya uzi mwembamba sana, ukitumia kwa uzi huu kofia itakakamaa kama kikapu. Tunataka milimita 4. Za aluminiamu ni sawa. Za chuma cha kawaida kwa hewa hii ya bahari zinapata kutu na kutu inaingia kwenye uzi mweupe haitoki. Mimi natumia za mwanzi nilizochonga, na kama unataka kuchonga zako chukua mwanzi uliokauka sawasawa, mwombe seremala akutobolee kibao kwa biti ya milimita 4, chonga mpaka kijiti kipite kwa kubana, halafu msasa mkali kwanza kisha laini, ncha iwe ya duara isiwe ya kuchoma, malizia kwa kusugua na mshumaa ili uzi uteleze. Kichwani gundisha shanga au kifungo vitanzi visimwagike. Mtu aliwahi kusema apake mafuta ya ganda la korosho yang'ae, jamani hapana, yale mafuta yanababua ngozi, kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua.

Vingine ni mkasi, futi ya fundi cherehani, pini mbili tatu za kufunga, sindano ya kroshia kwa ajili ya kuokoa makosa, na sindano nene yenye tundu kubwa ya kushonea mwishoni. Ya magunia inafaa ukiisugua ncha kwenye jiwe iwe butu.

Kuanza tunaanza na kitu kimoja tu, ukikijua hiki umeshajua nusu ya kufuma. Tengeneza fundo la kuteleza, liweke kwenye sindano ya kushoto, hicho ni kitanzi cha kwanza. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutokea mbele kwenda nyuma, sindano mbili ziwe msalaba, ya kulia iwe nyuma. Uzi ukiwa nyuma uzungushe kwenye ncha ya kulia ushuke katikati ya sindano mbili. Sasa ile ncha irudishe mbele kupitia kitanzi ikiwa imebeba uzi. Umepata kitanzi kipya kwenye sindano ya kulia. Kwa kuanzisha, kile kipya unakirudisha kwenye sindano ya kushoto na unaendelea kuongeza mpaka hesabu itimie. Kwa kufuma, unakiacha kulia na kile cha zamani unakiteremsha kutoka kushoto. Basi, ndo mshono wa mbele huo, kuanzisha na kufuma ni mwendo mmoja.

Mshono wa nyuma ni kinyume chake. Uzi unauleta mbele yako kwanza, sindano ya kulia inaingia kutokea kulia kwenda kushoto ikiwa mbele ya ile nyingine, uzi unazungushwa juu ya ncha ukishuka, halafu unasukuma ncha itoke kwa nyuma na kitanzi kipya. Ukifuma safu moja mbele na safu inayorudi nyuma, upande mmoja unatoka laini wenye kama herufi V zimepangana na upande wa pili una vinundu.

Kabla ya kofia fuma kipande cha kupima. Najua unataka kuanza kofia leo leo na mimi nilikuwa hivyo, lakini mikono haifanani, kuna mtu anavuta uzi kama anafunga mbuzi na kuna mtu analegeza. Anzisha vitanzi 28, fuma safu moja mbele na safu inayorudi nyuma mpaka kifike karibu sentimita 12, kifunge kwa kufuma viwili halafu cha kwanza kukirusha juu ya cha pili, unaongeza kimoja unarusha tena mpaka mwisho. Kifue, kikauke kimelala, weka futi katikati uhesabu ndani ya sentimita 10 una vitanzi vingapi. Tunataka 22. Kwa vitanzi 72 hapo unapata kofia ya karibu sentimita 33, ambayo kwa mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia inakaa kwa kuvutika kidogo maana kichwa chake ni kama sentimita 35. Ukipata 20 kofia ile ile inakuwa 36 inamshukia machoni, ukipata 26 inakuwa chini ya 28 haimwingii. Mkono mlegevu shuka sindano ya 3.5, mkono wa kubana panda 4.5. Kile kipande usikitupe, pale dukani tuna mfuko wa vipande, vikifika vya kutosha vinaunganishwa shuka la mtoto.

Kofia sasa. Vitanzi 72. Kwa njiti aliyezaliwa na kilo moja na nusu hivi anzisha 56. Ukingo unafuma mbele kimoja nyuma kimoja, mbele kimoja nyuma kimoja safu nzima, safu 8. Ukingo huu ndo unaobana kichwani bila kamba kwahiyo usiufupishe. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea ile miezi mitatu. Ukitoka mshono wa mbele kwenda wa nyuma uzi lazima uje mbele kwa kupita katikati ya sindano mbili, na ukirudi mbele uzi urudi nyuma kwa njia hiyo hiyo. Mimi nilikuwa naupitisha juu ya sindano, na ukipita juu unazaa kitanzi kisichokuwepo, naanza na 40 najikuta na 53 na matundu kila mahali, nikadhani sijui kuhesabu. Yule bibi, ambaye maisha yake yote anasuka ukili wa mikeka na kufuma kajifunza akiwa na wajukuu, aliniambia mwanangu hesabu kwa sauti kila kitanzi, na alipoona mkono wangu akanyoosha kidole kwenye uzi akasema pita chini. Wasukaji wa ukili wanajifunza kufuma haraka sana nimeona, macho yao yameshazoea kufuata mchoro na kidole kinajua kukosea kabla ya kichwa.

Ukingo ukiisha endelea safu ya mbele, safu ya nyuma, mpaka kofia yote kuanzia chini ifike sentimita 10, kwa ile ya 56 sentimita 7 na nusu inatosha. Malizia na safu ya nyuma ili uanze kupunguza upande laini uko mbele yako.

Kupunguza ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja kama kimoja. Safu ya kwanza fuma 7 halafu viwili pamoja, rudia mpaka mwisho, unabaki na 64. Safu inayorudi yote nyuma bila kupunguza. Tena 6 na viwili pamoja, unabaki 56. Rudi. 5 na viwili pamoja, 48. Rudi. 4 na viwili, 40. 3 na viwili, 32. 2 na viwili, 24. 1 na viwili, 16. Kila baada ya safu ya kupunguza unarudi na safu ya nyuma, usisahau. Mwisho viwili viwili tu safu nzima, vinabaki 8. Mwenye kofia ya 56 yeye anaingilia pale kwenye 5 na viwili pamoja, kuanzia hapo ni sawa sawa. Kila safu ya kupunguza ikiisha hesabu, ikiwa haijafika namba niliyoandika rudi nyuma sasa hivi, usiseme utafidia mbele, kilele kinapinda na hakinyooki.

Kata uzi uache sentimita 40, upitishe kwa sindano nene ndani ya vile vitanzi 8 huku unatoa sindano ya kufumia, vuta kwa nguvu tundu lizibe, pitisha tena mara ya pili, halafu shona mshono wa pembeni kuanzia juu kushuka kwa uzi huo huo. Shona ukiangalia upande wa nje, ukichukua kijiuzi kimoja huku kimoja kule, ili ndani kusiwe na tuta linalomkandamiza mtoto akilala kwa upande. Mikia ya uzi ifiche ndani ya mishono kwenda na kurudi, sio kufunga fundo. Fundo ndogo kwetu kwake ni jiwe.

Usiweke pompomu, kifungo, shanga, utepe wala kamba ya kufungia kidevuni. Najua kinapendeza, wateja wanaomba, lakini kinachoweza kung'oka kitaingia mdomoni na kamba inaweza kumkaba. Matundu ya urembo pia acha, kidole cha kichanga kinanasa. Urembo wako uwe rangi, safu mbili za rangi nyingine juu ya ukingo inatosha sana.

Kitanzi kikidondoka usishtuke ukavuta kazi. Kichome pini pale pale kisishuke zaidi. Kikiwa kimeshuka safu nne tano utaona vijiuzi vimelala kama ngazi, geuza upande laini, ingiza kroshia kwenye kitanzi kilichoanguka, vuta kijiuzi cha kwanza kipite, cha pili kipite, mpaka juu, kirudishe kwenye sindano. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya safu maliza kwa kupapasa kama unaweza ila usiweke kazi chini safu ikiwa nusu, ukiichukua kesho utageuza upande bila kujua. Na uzi mweusi au bluu iliyokoza usianze nao, hata mchana vitanzi havionekani vizuri.

Pale kibarazani tunakaa Jumatano na Jumamosi jua likishapungua, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Hakuna kiingilio, ila kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Unanawa mikono kabla ya kushika kazi ya mtu, maana kuna anayekuja na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na pilipili, kuna korosho za kukaanga, na msimu wa mabibo ndo hatari, maji ya bibo yakigusa kitambaa doa halitoki kwa sabuni yoyote, mabibo yanaliwa upande wa pili wa barabara na hilo halina mjadala. Ukikosolewa unapokea. Anayekosoa haichukui kazi yako akakufumia, anaonyesha kwa kipande chake wewe unarudia kwako, hiyo sheria mwenye duka aliiweka mwenyewe na ni nzuri sana kwasababu tulikuwa na mabinti wanapeleka nyumbani kofia zilizofumwa na mashangazi. Mtoto mdogo akija na mama yake anapewa mabaki akunje madonge, wa miaka saba nane anapewa sindano kabisa. Wavulana wapo. Kuna kijana wa bodaboda anafuma mizula anawauzia wenzake wanaoamka alfajiri, na Juni Julai upepo wa kusi ukishika anapata oda mpaka za watu wa Newala, kule juu baridi sio mchezo.

Tunachangiana uzi pia. Kila mtu anaweka kidogo kila wiki kwenye kopo, mmoja anaandika kwenye daftari, pesa ikitosha mwenye duka anaagiza Kariakoo kwa bei ya jumla pamoja na mzigo wake na tunagawana mafungu yenye namba moja ya rangi. Mkitaka kuanza hivi kwenu wawekeni watu wawili kwenye pesa, mwandishi asiwe mshika kopo. Na msianze Oktoba. Oktoba mpaka Desemba watu wako mashambani wanaokota korosho, kibarazani mnabaki watatu, halafu malipo yakitoka watu wanarudi na hela na wanataka kila rangi kwa siku moja. Anzeni Februari hivi, mpaka Juni mikono imekomaa.

Kofia zikifika kumi usiende nazo moja kwa moja kitandani kwa mgonjwa. Zifue kwanza kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mpaka maji yawe meupe, zianike kivulini zikiwa zimelala, ukizitundika zinarefuka. Kila moja kwenye mfuko wake safi, kikaratasi kimeandikwa ukubwa kwa sentimita, sio S na M. Kisha nenda uonane na nesi msimamizi wa wodi, mweleze uzi ni wa aina gani na mmeufua vipi, yeye ndo anajua nani anahitaji na saizi ipi imeisha. Sisi tulipeleka mara ya kwanza kofia ishirini na mbili nzuri mno na karibu zote zilikuwa kubwa, sista akacheka kwa upole akasema leteni ndogo, ndogo kuliko mnavyofikiri. Chukua chungwa la wastani ulipime kwa futi, litakuja kama sentimita 25, vichwa vya baadhi yao haviizidi sana hiyo. Tangu hapo chungwa huwa liko kwenye kaunta, ukimaliza unalivalisha.

Na mama akipewa aambiwe jambo moja. Kofia ni ya kifuani na ya wodini mpaka wataalamu waseme basi. Mtoto akishakua uzito, yuko nyumbani Chikongola au Magomeni ya hapa Mtwara ndani ya chumba cha bati mwezi wa kwanza, asilazwe na kofia, atachemka, na kichanga anapunguzia joto kichwani. Tunaliandika hilo nyuma ya kikaratasi cha sentimita kwa herufi kubwa.

Ukikwama kwenye ukingo njoo Jumatano, uliza watu wa nyuzi nyuma ya soko kuu utaonyeshwa. Njoo na kazi yako ikiwa bado iko kwenye sindano, usiifumue nyumbani, tunataka tuone kosa lilipo.